Gari Lililotaka Kukimbizwa

Hakuna kitu kilichomtia kinyaa mzee Bartholomeo kama mtu anayewasha injini ya dizeli asubuhi, ikiwa bado ya baridi, na hapo hapo kuikanyagia mafuta mpaka ipige kelele. Alisema ni sawasawa na kumwamsha mama yako mzazi kwa teke. Pale Nyandira, juu Mgeta, akimsikia dereva wa namna hiyo alikuwa akitoka nje na mswaki mdomoni, anasimama mbele ya gari na kumtazama. Zamani kutazamwa kulitosha. Dereva alishusha macho, akaondoa mguu. Siku hizi wanampungia mkono, "Babu vipi!", na kuongeza sauti ya muziki. Bartholomeo alitema povu palepale na kurudi ndani.

Alikuwa na miaka sabini na mbili. Alisoma mpaka darasa la nne, baba yake akamwambia kalamu sasa basi, shika jembe. Jembe hakulipenda. Alishuka mlima kwa miguu mpaka Morogoro mjini na kupata kazi ya kuosha malori ya chama cha ushirika, yale yaliyokuwa yanateremsha kabichi na viazi kutoka milimani. Humo ndani ya lori moja alikuta kitabu cha ufundi, cha Kiingereza, kurasa zimelowa grisi. Alinunua kamusi. Miaka miwili mfululizo, kila Jumapili baada ya misa, alikaa na vitabu hivyo viwili, neno kwa neno, na kila neno alilolifumbua aliliandika pembeni kwa penseli. Alipofika miaka ishirini na mitatu aliendesha lori lile, alilifungua injini na kulifunga, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha zaidi ya kamusi.

Lori hilo aliliendesha miaka thelathini na minane. Siri yake ilikuwa mguu mwepesi. Gia alipanda mapema, mshale wa mzunguko wa injini hakuuruhusu kupita elfu moja na mia nane, na kwenye mlima wa kutoka Mlali alisimama kila mara kwenye Kona ya Chemchemi ili gari lipumzike. Madereva wote wa wakati ule walisimama hapo. Walizima, wakanawa uso kwenye kijito, wakala magimbi ya kuchemsha aliyouza mama yake Chausiku, na aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kuondoka. Hakuna aliyemruka mwenzake. Sasa magimbi anauza Chausiku mwenyewe, na mteja wake wa kudumu alikuwa amebaki mmoja. Wengine wanapita mbio, mkono nje ya dirisha, wanarusha chupa za plastiki kijitoni. Nyingine zina mkojo. Bartholomeo aliwahi kuokota moja akidhani ni mafuta ya kupikia yaliyodondoka, akaifungua, akanusa. Wiki nzima hakula gimbi.

Ushirika ulikufa. Wakubwa waliutafuna mpaka mifupa, na lori likauzwa kwa watu wa vyuma chakavu, wakalikatakata kwa moto uani, yeye akiwa amesimama anatazama. Miaka kumi na mmoja alilima karoti kwa uchungu. Halafu, Januari ya mwaka huu, Yuliana akanunua gari.

Yuliana alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, mfanyabiashara wa mboga, mwanamke wa miaka arobaini asiye na maneno mengi. Gari lilikuwa la mizigo, la tani mbili, la dizeli, lililotumika Japani na kuletwa likiwa bado linang'aa. Mume wake, Rogers, aliwahi kuendesha mabasi madogo mjini, na kila mtu alijua kwamba alikuwa ameshajiona kwenye usukani. Hata miwani ya jua alikuwa ameshanunua. Lakini kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Yuliana alipiga goti mbele ya Bartholomeo na kumpa ufunguo kwa mikono miwili.

"Mjomba, gari hili hapa. Wewe ndiye unayejua."

Rogers alikuwa amesimama mlangoni. Alivua ile miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Tangu siku hiyo Bartholomeo alikuwa mtu tena. Alfajiri aliwasha gari na kuliacha lingurume palepale nusu saa, lipate joto. Alishuka na matenga ya kabichi mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, akapanda na gari tupu, mguu mwepesi kama zamani. Kila safari aliandika kilomita kwenye daftari. Jambo moja tu lilimuudhi, kitabu cha gari. Alikifungua siku ya kwanza na kukuta kimeandikwa Kijapani tangu jalada mpaka mwisho. Alishuka mjini kutafuta kamusi yake. Lile duka la vitabu aliponunulia kamusi ya kwanza lilikuwa sasa linauza makava ya simu, na binti wa dukani alimuuliza, bila kuondoa macho kwenye kioo, "Kamusi ndo nini, mzee, simu ya aina gani?"

Kwa hiyo gari hilo alilisoma kwa masikio. Masikio yalimwambia kwamba linachoka haraka. Kila alipokuwa akipanda kutoka Mlali, akikaribia Kona ya Chemchemi, feni ilianza kuvuma, injini ilipandisha sauti yenyewe, na chini ikatoka harufu ya kitu kinachoungua. "Pole, baba," alisema. Alilisimamisha, akazima, akapiga bodi kwa kiganja. Lilipumzika saa nzima. Akiliwasha tena sauti ile ilikuwa imekwisha. Yeye akajiona tabibu.

Mwezi wa nne taa moja ya njano iliwaka kwenye dashibodi, mchoro kama sanduku lenye nukta nukta. Hakuna aliyejua ni nini. Bartholomeo alisonya, magari yake yote ya zamani yalikuwa na taa mbili na yaliishi. Alikata kipande cha plasta ya kidonda akaifunika. Kuhusu oili alikuwa na fahari ya pekee. Alikuwa akichomoa kijiti cha kupimia mbele za watu na kuwaonyesha. "Tazameni. Magari yenu yanakunywa oili kama walevi. Hili halinywi. Hili linaongeza." Na kweli alama ilipanda mwezi hadi mwezi.

Mwezi wa sita gari likaishiwa nguvu. Kwenye mlima lilikuwa likipitwa na pikipiki iliyopakia mbuzi wawili, na mbuzi wanageuka kumtazama.

Yuliana aliona. Lakini mpwa hamwambii mjomba wake usoni kwamba amekosea. Hata kumwambia kwamba gari limechoka ni kumwambia kwamba yeye amechoka. Alifanya inavyofanywa. Alimtuma Laurenti, katekista.

Laurenti alikuja Jumanne jioni. Aliongea habari za ukungu, akaongea habari za njegere, akasifu kuku waliokuwa uani. Bartholomeo alimwacha azunguke mpaka akachoka mwenyewe.

"Sasa, mzee," Laurenti alisema, "watu wanasema gari lina kikohozi."

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Watu tu wana jina."

Laurenti alijikuna kisogo. "Rogers amepata fundi pale Msamvu. Anasema kuna kitu chini ya gari, kwenye ekzosi, kinaziba pumzi. Wanakikata kwa grenda, wanaweka bomba tupu. Jumamosi. Yuliana anaomba ruhusa yako."

"Na baada ya kukata?"

"Anasema gari litakuwa na nguvu sana. Litataka mtu wa... wa umri wa kulimudu."

Hapo ndipo Bartholomeo alipoelewa kilichokuja nyumbani kwake kimevaa njegere na ukungu. Walitaka ufunguo. Aliyaona yale magari ya mjini yaliyokatwa matumbo hivyo, yanavyotapika moshi mweusi kwenye vitumbua vya kina mama barabarani, na dereva hageuki hata kutazama. Alijiona na yeye anarudi kwenye karoti.

"Mwambie Yuliana, mpaka Jumamosi ufunguo uko kwangu. Jumamosi nitajibu."

Alhamisi alishuka na kabichi. Alizipeleka soko kuu, akashusha, kisha akaanza kuuliza fundi wa dizeli za kisasa ni nani, mtu asiyetumia grenda. Wote walimtaja mmoja. Ulikuwa ua wenye uzio wa mabati karibu na Mazimbu, umefagiliwa, jambo lililomshangaza. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye ovaroli na kilemba, alitoka chini ya gari.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Mwanvita."

Bartholomeo alitazama nyuma yake kuona kama kuna mwingine.

"Kama unataka mwanamume," alisema Mwanvita, "yuko yule anayepika chai."

"Sikuja kunywa chai."

"Basi karibu."

Mwanvita aliingia ndani ya gari, akawasha swichi, akaona plasta. "Hii ni ya nini, babu? Gari lilijikata?"

"Taa inaniumiza macho."

"Taa ilikuwa inakuita."

"Gari huita kwa sauti. Masikio ninayo."

Mwanvita hakubishana. Aliuliza oili. Bartholomeo, hata katika hali ile, alijiweka sawa. "Sijaongeza hata tone tangu Januari. Inapanda yenyewe." Mwanvita akamtazama kwa namna ambayo hakuipenda, akachomoa kijiti, akanusa, akampa.

Bartholomeo alinusa. Mtu aliyenusa oili nusu karne hahitaji kuambiwa. Ilikuwa nyepesi, na ilinuka dizeli. Alikiondoa puani upesi kuliko siku ile ya chupa. Miezi mitano alikuwa akiwaonyesha watu kijiti hicho na hakukinusa hata mara moja, kwa sababu alikuwa amefurahi.

"Inaingiaje?" aliuliza, sauti imeshuka.

Mwanvita alikuwa ameshaunganisha kompyuta. Bartholomeo alizichukia kompyuta za mafundi. Kwake fundi anayetazama kioo badala ya injini alikuwa kama daktari anayeandika dawa bila kuinua kichwa. Lakini binti huyu aliongea huku akimwonyesha kwa kidole chini ya gari, na mikono yake ilikuwa michafu mahali panapotakiwa.

"Pale kuna chujio. Linakamata masizi ya moshi. Likijaa, gari linajisafisha lenyewe: linamwaga dizeli ya ziada, ekzosi inapata moto mkali, masizi yanaungua. Utasikia feni inavuma, injini inapanda, harufu inatoka. Inataka dakika ishirini na kitu, gari likiwa linatembea. Ukilizima katikati masizi yanabaki, na dizeli ile inateremkia kwenye oili."

Bartholomeo aliinama kutazama chini ya gari.

"Tena linahifadhi kumbukumbu," Mwanvita aliendelea. "Limeanza kujisafisha mara arobaini na moja. Limemaliza mara mbili."

"Mara mbili?"

"Mara thelathini na tisa mtu amelizima. Na ni jambo la ajabu, ni kama mahali pamoja. Limepanda mlima, limepata moto, limeanza tu, halafu kimya."

Bartholomeo aliona kijito. Aliona kiganja chake kinapiga bodi. Pole, baba.

"Hizo mbili ni lini?"

Mwanvita alimsomea kilomita. Bartholomeo alitoa daftari kwenye mfuko wa koti, akalamba kidole, akafungua. Ilikuwa Februari. Alikuwa amelazwa na malaria siku tatu, na Rogers alilichukua gari kupeleka watu harusini Chalinze, kwenda na kurudi, bila kuuliza. Alipopona aliandika kwa penseli, kwa hasira, *Limechukuliwa na mpumbavu.*

"Kumbe yule mpumbavu ndiye dereva," alisema.

"Mpumbavu yupi?"

"Mume wa mpwa wangu."

"Hapana, babu. Tazama hapa. Siku zile zile amelikanyaga likiwa baridi, na akalizima turbo, kile kisukuma hewa cha injini, ikiwa bado na moto. Huyo naye analiua, ila haraka. Wewe unaliua kwa upole."

"Ungekuwa mtoto wangu ningekuchapa."

"Ningekuwa mtoto wako nisingekuwa fundi. Ungenizuia."

Yule mpika chai alicheka. Bartholomeo alimgeukia, naye akarudi kwenye birika lake.

Alikaa juu ya tairi kuukuu. Mambo yote aliyoyadharau maisha yake yote, kelele, papara, kupandisha mshale, ndiyo chombo hiki kilikuwa kinayataka. Kuliacha lingurume nusu saa asubuhi, Mwanvita alimwambia, kulikuwa kunalijaza masizi tu. Dakika moja yatosha, kisha liondoke taratibu mpaka lipate joto. Baada ya hapo likimbizwe. Mwishoni lipunguzwe, lingurume kidogo, ndipo lizimwe. Gia asipande mapema. Bartholomeo alisikiliza kama mtu anayesomewa kwamba misa sasa itaongozwa na bendi ya harusi. Ni mashine gani hii isiyotaka kutunzwa? Watu wanaotaka kuchapuliwa ndipo watende wema alikuwa amewaona wengi, na aliwatemea mate. Sasa wametengeneza na magari ya tabia hiyo hiyo.

"Kata basi," alisema. "Leta grenda."

"Mimi sikati." Mwanvita alifunga kompyuta kwa kishindo kidogo. "Wakate wao. Ukikata, masizi yote yanaingia vifuani mwa watu. Kama umekuja kwa hilo, Msamvu siyo mbali."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Bartholomeo kumsikia fundi akikataa kazi. Alimtazama upya. Wakati wa ushirika mafundi walikataa kazi.

"Kuna njia nyingine?"

"Ipo. Limefika pabaya, lakini halijapitiliza. Nabadilisha oili, nalifungulia kwa kompyuta likubali tena kujisafisha, kisha linataka barabara ndefu. Uendeshe wewe. Mimi nitakaa pembeni nisome."

Walitoka saa tisa alasiri, wakashika barabara ya Dar es Salaam. Mpaka Nanenane aliliendesha kwa upole. "Hapa ni sawa," Mwanvita alisema, "lipate joto." "Hapa nilijua kabla mama yako hajazaliwa," alijibu. Nyumba zikapungua. Upande wa kulia milima ilikuwa imevaa wingu mpaka kiunoni.

"Sasa ongeza."

Aliongeza.

"Babu, mshale uko elfu moja na mia saba. Unatakiwa elfu mbili na nusu."

"Hiyo ni kelele."

"Ndiyo dawa yake. Rudi gia ya nne."

Kurudisha gia kwenye tambarare, gari likiwa tupu, bila mlima wala mzigo! Mkono wake wa kushoto ulikataa. Alilazimika kuutazama na kuuamuru. Gia ilipoingia injini ilipiga ukelele, na Bartholomeo akasikia aibu mpaka kwenye masikio, kana kwamba alikuwa amemgombeza bibi kizee hadharani. Walipita Kingolwira. Watu wa kituoni waligeuka. Mmoja alionyesha kwa ishara ya mkono, panda gia, mzee, panda gia.

"Chujio limejaa asilimia tisini na nne," Mwanvita alisoma. "Endelea hivyo hivyo. Usikanyage zaidi, usiachie."

Walikaribia Mikese, feni ikaanza kuvuma. Injini ikapandisha sauti. Harufu ile ikaja, nzito, ya kitu kinachoungua. Bila kufikiri mguu wake uliacha mafuta, na mkono ukaenda kwenye ufunguo.

"Usizime!"

"Linaungua!"

"Ndiyo linaungua! Liache liungue!"

Mkono ulibaki juu ya ufunguo. Alilisikia gari linahema, na kila kitu alichokijua tangu ujana wake kilimwambia alihurumie. Aliuondoa mkono kwa nguvu, akaurudisha kwenye usukani, akakanyaga. Alikuwa anatokwa jasho. Mwanvita alianza kusoma, themanini na nane, themanini, sabini na moja, kwa sauti ileile, kama mtu anayehesabu mayai. Ilipofika hamsini Bartholomeo aliona kwamba gari limeanza kukaza mwendo lenyewe, na kwamba pale mguu ulipokuwa unasukuma tope sasa ulikuwa unasukuma hewa. Kilima kidogo kilikuja wakakimeza. Alitaka kukasirika, akashindwa, akakasirika kwa kushindwa.

"Kumi na moja," alisema Mwanvita. "Imekwisha. Taratibu sasa."

Alilipunguza mpaka mahali penye kivuli, akaliacha lingurume dakika mbili, akazima. Taa ya njano, plasta ikiwa imebanduliwa, haikuwepo. Alishuka, akaenda ukingoni, akatema mate mara tatu.

"Unaumwa, babu?"

"Nimeliendesha kama mwizi wa ng'ombe," alisema. "Na limepona."

Ijumaa hakungoja katekista. Alikwenda mwenyewe kwa Yuliana. Alimkuta anachambua karoti, naye Yuliana akapiga goti kumwamkia.

"Tumsifu Yesu Kristu, mjomba. Shikamoo."

"Milele amina. Marahaba. Ulijua?"

Yuliana alishika karoti ileile muda mrefu.

"Nakuuliza, ulijua kwamba mimi ndiye ninayeliharibu?"

"Rogers alisema tangu Februari. Alisema siku ile ya Chalinze lilibadilika, likawa jepesi. Alisema gari hili linataka kukimbizwa, mjomba analiminya."

"Na hukuniambia. Miezi minne."

"Ningekuambiaje, mjomba?" Macho yalikuwa chini. "Ningeanzia wapi? Nilisema bora life gari."

Bartholomeo alikuwa amekuja na hasira tayari, ameipanga, na sasa haikupata pa kutua. Heshima ile ile aliyoililia kila siku kwamba imekwisha duniani, ilikuwepo. Ilikuwa hapa, imepiga goti juu ya maganda ya karoti, na ilikuwa tayari kuua gari zima ili isimwambie neno moja. Alijisikia vibaya kama aliyekula kitu kilichochacha kwenye sahani ya dhahabu.

"Kesho hakuna kukata," alisema. "Na kuanzia leo, nikikosea, uniambie wewe. Siyo Laurenti. Yule ananimalizia kahawa."

Rogers alitokea uani, miwani juu ya paji la uso. Alikuwa ameshasikia, mji mdogo una simu nyingi. "Kumbe mzee umekanyaga! Wanasema Kingolwira umepita kama risasi."

"Na wewe umelizima turbo ikiwa na moto, tarehe kumi na nne Februari, saa nne asubuhi," Bartholomeo alimwambia. "Limeandikwa. Ukilishika tena bila kuuliza nitakusomea mbele ya wakwe zako wote."

Rogers alishusha miwani machoni. Yuliana aliinamia karoti, mabega yakimtikisika, na ilikuwa vigumu kujua kama analia au anacheka.

Ufunguo ulibaki kwake. Alilipa kwa namna yake. Kona ya Chemchemi alianza kuipita bila kusimama kila feni ikivuma, na siku ya kwanza Chausiku alibaki amenyoosha sahani, mdomo wazi, akidhani breki zimekatika. Na kila Alhamisi, akishashusha kabichi sokoni, alilipeleka gari tupu barabara ya Dar, gia ya nne, mshale elfu mbili na nusu, uso umekunjwa kama wa mtu anayemeza kwinini. Mjini walishaanza kumsema. Mzee yule wa ushirika, aliyekuwa akitembea kama amebeba mayai, uzee umemwingia vibaya.

Alhamisi ya nne trafiki alimsimamisha karibu na Kingolwira. Alikuwa kijana mpole, sare imepigwa pasi. Alimwamkia vizuri, akatazama leseni, akatazama tarehe ya kuzaliwa, akatazama leseni tena.

"Mzee, mwendo wako ni wa kawaida, hauna kosa. Lakini nimeisikia injini yako tangu kule mbali. Mbona hupandi gia?"

Bartholomeo alifungua mdomo. Alikuwa nayo yote tayari, chujio, masizi, dizeli inayoingia kwenye oili, mara arobaini na moja. Nyuma ya trafiki walikuwa wamesimama waendesha pikipiki watatu, wanasikiliza, wanatabasamu. Injini ilikuwa bado ina moto, feni ilikuwa imeanza kuvuma, na kila dakika aliyosimama pale ilikuwa dakika iliyopotea.

"Kuna ya tano," kijana alisema kwa upole, akielekeza kwa kidole. "Unaipata hapo juu kulia. Nikuonyeshe?"

Miaka thelathini na minane, lori moja, hakuwahi kuonyeshwa gia na mtu yeyote, hata na yule aliyemwajiri.

"Usijali, afande," alisema. "Nitajifunza."

Akapokea leseni yake, akaingiza ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akaiacha hapo ikilia. Kwenye kioo aliwaona wale wa pikipiki wameshikana mabega kwa kicheko, na trafiki anatikisa kichwa kwa huruma. Alisonya, akatema mate dirishani, na mguu hakuuondoa.